Kompyuta Yangu ya Gemu Ilianzia Ukutani

Boksi la pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vya kompyuta, lilikuwa bado na selotepu yake. Nalipitisha koridoni nimelibana kwapani, dada wa chumba cha mbele, yule anayekusanya michango ya LUKU ya nyumba nzima, akalisoma kwa sauti:

"Wati mia tano na hamsini."

Halafu, taratibu: "Mdogo wangu, hicho kitu utakuwa unakiwasha saa ngapi?"

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Aliyewahi kuishi hivyo, iwe Tabata, Mbagala au Kimara, hahitaji kuelezwa kwamba lile halikuwa swali la udadisi. Kwetu pasi ina ratiba. Jiko la koili lilipigwa marufuku bila kikao chochote, na hita ya kuchemshia maji huchomekwa mlango ukiwa umefungwa. Nikamjibu kwamba hakili wati zote hizo, nikacheka kidogo, nikaingia ndani.

Jibu lilikuwa sahihi. Ila lilikuwa jibu la mtu anayetaka kupita.

Kinakula kiasi gani, basi? Swali hilo lilinikaa wiki kadhaa, na kila nilipolivuta lilikuja na jingine nyuma yake, mpaka likanibadilishia karibu kila kipuri nilichokuwa nimeshakichagua.

## Kile boksi linachosema

Wati 550 ni kiwango cha juu ambacho pawa saplai inaweza kuvipa vipuri vilivyo ndani ya kasha. Daladala yenye viti thelathini haibebi abiria thelathini saa tano usiku kwa sababu tu viti vipo. Vipuri navyo huchukua vinachohitaji, cha ziada hakichukuliwi na mtu.

Nikakaa na kalamu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, niliyoichagua ni Ryzen 5 5600 ya kampuni ya AMD. AMD wameiandika wati 65, lakini ikikimbizwa huvuka hapo, nikaipa 80. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ni RX 6600, wati 132. Mazabodi (bodi inayounganisha vipuri vyote), RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kuhifadhia) na feni nikavikadiria 50 kwa pamoja, na hapo nilikuwa mkarimu. Jumla, 262.

Hiyo ni ndani ya kasha. Ukutani hutoka zaidi, kwa sababu pawa saplai inapobadilisha umeme wa nyumbani kuwa volti 12, 5 na 3.3, sehemu yake hupotea kama joto. Ukiweka ufanisi wa asilimia 87, ukuta unatoa wati 300 hivi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu za gemu ni uniti 0.9. Ukicheza kila jioni mwezi mzima ni uniti 27, na hapo kompyuta iwe imebanwa mpaka mwisho muda wote. Gemu ya mpira iliyofungwa kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde haiibani hivyo.

Pasi ya wati 1,200 ingezimaliza 0.9 hizo ndani ya dakika 45 za kuwaka mfululizo.

Nilimpelekea dada karatasi. Akaisoma, akasema uniti ishirini na saba ni mchango wa mtu mzima kabisa. Tukakubaliana nichangie kama watu wawili. Liliisha kirahisi kuliko nilivyotegemea, na ndipo nilipodhani nimemaliza.

Rafiki mmoja aliposikia habari za LUKU alisema ningechukua pawa saplai yenye nembo ya Gold badala ya Bronze, eti ningeokoa umeme. Nembo hizo ni za mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, na hupima hasa kitu kimoja: ufanisi. Ikiwa imebeba nusu ya mzigo wake, Bronze inatakiwa kufikia asilimia 85 na Gold asilimia 90 katika vipimo vya volti 115. Kwa mzigo wangu tofauti ni wati 17 hivi, yaani uniti moja na nusu kwa mwezi. Hiyo haimtoi mtu kwenye Bronze. Wenye kutengeneza Gold mara nyingi hutumia pia vipuri bora zaidi, hilo nalikubali, lakini nembo yenyewe haikuahidi kwamba shoti ikitokea kitu kitajizima kabla hakijaunguza vingine.

## Orodha zilizoandikwa kwa ukuta mwingine

Karibu kila mwongozo wa kuunda kompyuta ya gemu unaanza na kadi ya grafiki. Unachagua kadi unayoitamani, unaitafutia prosesa ya kuendana nayo, na pawa saplai inakuja mwishoni kama karani: jumlisha wati, ongeza kidogo, nunua. Nami nilianza hivyo. RX 6600 haikuwa ndoto yangu. Kichwani nilikuwa na RX 6700 XT ya mtumba, wati 230, na nilishaangalia video zake nyingi kiasi cha kujua feni zake zinavyolia.

Mpangilio huo unadhani ukuta hauna maneno.

Umeme wetu kwa vitabu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha kila kitu, feni ya dari inazunguka kivivu na taa inageuka rangi ya chai. Umeme mdogo. Na ukikatika, kinachotisha zaidi ni kurudi kwake: unarudi, unakatika, unarudi tena kwa kishindo. Kila mtu mzima pale nyumbani ana mkono unaokimbilia swichi ya friji kabla akili haijasema lolote.

Nilijaribu kuigeuza orodha kwenye karatasi. Ukuta kwanza. Kisha UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, kisha pawa saplai, kisha kadi yoyote itakayobaki ndani ya mipaka hiyo. Nilikaa nayo siku kadhaa bila kuipenda. Hakuna anayeweka akiba mwaka mzima akiota UPS.

## Swichi nyekundu

Kariakoo kasha nyingi huuzwa na pawa saplai yake ndani, bei moja. Ukiligeuza kasha, nyuma utakuta swichi ndogo nyekundu: 115 upande mmoja, 230 upande wa pili. Mashine inaambiwa kwa mkono iko nchi gani. Ikiwa kwenye 115 kisha ukaichomeka kwenye 230 yetu, kapasita za mbele, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zinabebeshwa karibu mara mbili ya zilichopangiwa. Mlio mmoja, harufu, biashara imekwisha. Kompyuta za mtumba zilizotoka Marekani zinaweza kufika na swichi ikiwa bado kwenye 115, kwa hiyo mtu akikupa ya zamani, angalia nyuma kwanza.

Lakini kilichonishika zaidi ni kwa nini pawa saplai nzuri za sasa hazina swichi hiyo. Zina sakiti inayoitwa PFC amilifu, na nyingi kati yake zimeandikwa 100–240V. Maana yake inapokea chochote kilicho katikati bila kuuliza. Umeme mdogo wa saa mbili usiku, volti 170 au 180, kwake ni jambo la kawaida. Inavuta ampea zaidi tu, na upande wa ndani volti 12 zinabaki 12.

Nilikuwa nimetenga pesa ya stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti! Kwa upande wa umeme mdogo sikuihitaji tena, na pesa ile ikahamia kwenye UPS. Tahadhari ni moja: zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 200–240V, wakati mwingine kwa jina lile lile la modeli. Hizo hazina uvumilivu huo kwa upande wa chini. Soma kibandiko, achana na boksi.

Na ukishakifikia kibandiko, usiondoke hapo.

"Bosi, hii ni mia tano kabisa, ya ukweli," muuzaji aliniambia, akinipa moja nyepesi kiasi kwamba niliishika kwa vidole viwili. Mstari wa +12V ulisema ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki hupata karibu umeme wao wote kutoka kwenye mstari huo. Zile wati nyingine zinazotimiza 500 zimewekwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo inahitaji kidogo sana. Niliyonunua mwishowe ina ampea 45 kwenye 12, yaani wati 540 kati ya 550. Hiyo ndiyo mia tano na hamsini ya ukweli.

Sikubishana naye. Alikuwa anauza kilichoandikwa juu ya boksi, na wateja wengi hununua hicho hicho.

Kitu kingine kidogo, ila Dar kina uzito wake: joto ambalo kiwanda kimeahidia wati hizo. Bora zimeandikwa nyuzi 40, nyingine 50. Chumba changu kina bati na dari ya jipsamu, na mwezi Februari sihitaji kipimajoto kujua kwamba ahadi ya nyuzi 25 ilitolewa kwa mtu mwingine.

## Gold bila nyaya

Hapa ndipo nilipoyumba kweli.

Katikati ya utafutaji nikaoneshwa pawa saplai ya mtumba, wati 750, Gold, ya kampuni inayoheshimika, kwa bei ya chini kuliko Bronze mpya. Nzito. Feni yake ilizunguka bila kelele. Ilikuwa ile ambayo nyaya zake zote huchomolewa, na nyaya zilikuwa zimepotea. Muuzaji alikuwa na mfuko mzima wa nyaya za nyingine, akanionyesha jinsi zinavyoingia kwenye matundu bila kulazimishwa.

Zinaingia, ndiyo. Upande wa mazabodi na kadi, mpangilio wa pini ni mmoja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila kampuni ina wake, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Plagi zinafanana umbo, lakini palipotakiwa volti 5 panaweza kufika 12. SSD ya kwanza itakayochomekwa hapo haitaonya mtu.

Nilijua hayo yote na bado nilikwenda nyumbani nikitafuta mtandaoni michoro ya pini, nikijiambia kwamba kwa tester na subira ningeweza kuthibitisha waya mmoja mmoja. Ningeweza, pengine. Kisha nikajiuliza ningelala vipi usiku kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye nyaya nilizozithibitisha mwenyewe, katika nyumba ya vyumba sita. Nikachukua Bronze mpya, yenye nyaya zake na risiti yake.

Hadi leo nikiikumbuka ile 750 moyo unauma.

## UPS ikanichagulia kadi

UPS ndogo zilizozoeleka madukani huandikwa VA (volti mara ampea) kwa herufi kubwa na wati kwa herufi ndogo. Niliyoimudu ni ya 650VA. Wati zake ni 360.

Rudi kwenye karatasi. RX 6700 XT ni 230, ongeza 80 ya prosesa na 50 ya vingine, unapata 360 ndani ya kasha. Ukutani zinakaribia 415, na monita bado haijahesabiwa. UPS ingezidiwa na kujizima wakati ule ule ninapoihitaji. RX 6600 inaleta 300 ukutani, na monita yangu wati 25. Inaingia, kwa kubanana, na nikifunga fremu kwenye 60 inapata nafasi ya kupumua. Ya 1000VA ingeniruhusu kadi kubwa, lakini tofauti ya bei za UPS pamoja na tofauti ya bei za kadi ilikuwa karibu sawa na mazabodi nzima.

Kwa hiyo kadi yangu ya grafiki ilichaguliwa na betri ya risasi na asidi. Sijui kama kuna mwongozo unaokuambia hivyo.

Umeme ukikatika UPS haihami papo hapo. Inachukua milisekunde kadhaa, na katika pengo hilo kompyuta inaishi kwa kapasita kubwa iliyo ndani ya pawa saplai. Viwango vya ATX, vinavyofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai, kwa miaka mingi vimetaka ishikilie takriban milisekunde 16 au 17 ikiwa na mzigo kamili, chini kidogo ya mzunguko mmoja wa umeme wetu, ambao ni milisekunde 20. Kwenye zile nyepesi za vidole viwili, kapasita hiyo ni sehemu mojawapo ambapo kiwanda hubana matumizi. Unaweza kuwa na UPS nzuri na bado kompyuta ikazima kila umeme unapokatika.

Kuna na shida ya kinyume. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC amilifu hulikataa. Nilimwomba muuzaji tuijaribu na kompyuta ya dukani kwake. Akachomoa plagi, skrini haikupepesa. Mzigo ulikuwa mdogo, najua, lakini ni zaidi ya kuamini boksi.

Betri ile haitanipa muda wa kucheza. Kwa mzigo wa gemu ni dakika chache: hifadhi, zima, kaa gizani na wenzako.

## Miguu peku kwenye saruji

Nilipounganisha vipuri vya kwanza na kuchomeka waya ukutani, niligusa skrubu ya kasha nikiwa peku. Vidole vikatekenywa. Si shoti ya kukurusha, ni ule mtetemo mdogo ambao wengi wetu tumeuzoea kwenye friji na kompyuta za ofisini mpaka tumeufanya sehemu ya maisha.

Fundi umeme alikuja na tester, akagusa kasha, taa ikawaka. Akafungua soketi. Plagi yetu ya Kiingereza ina miguu mitatu. Tundu la tatu lilikuwepo, skrubu yake ilikuwepo, waya haukuwepo.

Ndani ya kila pawa saplai halali kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, zilizounganishwa na kasha. Zinategemea waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, kupeleka kile kidogo kinachovuja. Ethi isipokuwepo, kasha linaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo mno kukuua, lakini siku kitu kikiharibika ndani na waya wa moto ukagusa bati, hakuna njia nyingine ya umeme kwenda ardhini isipokuwa wewe. Na ile ekstensheni ya kuzuia umeme mkubwa niliyoinunua kwa fahari hutegemea njia hiyo hiyo kutupa sehemu ya ziada. Bila ethi ilikuwa inafanya kazi nusu.

Mzee mwenye nyumba alisema nyumba imesimama miaka yote bila fimbo ya shaba ya ethi. Nikamwambia habari za kompyuta, hakushtuka. Nikamwambia habari za friji yake na wajukuu wanaoifungua wakitoka kuoga. Akanyamaza, akauliza fimbo inauzwa wapi. Tukagawana: mimi vifaa, yeye fundi, na soketi za sebuleni kwake zikaunganishwa kabla ya yangu. Haki yake.

Fedha hiyo ilitoka kwenye kasha. Nilitaka lenye kioo ubavuni na taa. Nimechukua la bati jeusi lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachotoka na kuoshwa.

## Vilivyobaki

RAM, GB 16 za DDR4, vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Mazabodi ya B550. Ya B450 ingetosha na ni nafuu, lakini inaweza kufika ikiwa na BIOS (programu ya kuwashia) ya zamani isiyoitambua prosesa ya 5600, na sikutaka kwenda kuazima prosesa ya mtu ili niisasishe. Feni ya prosesa ilikuja ndani ya boksi lake.

Kwenye SSD sikubana, kwa sababu ya bando. FC 24, gemu ya mpira, peke yake ilitaka GB 100 za nafasi. Wenzetu wenye faiba hufuta gemu leo wakaipakua kesho wakinywa chai. Mimi nikifuta, nimefuta bando la mwezi. Kwa hiyo ni 1TB, na gemu zinakaa humo zote, hata ninazozichukia.

Imebaki kadi yenyewe. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, hivyo kwa sasa mashine inawaka, feni zinazunguka, na monita haioni kitu. Kuna RX 6600 ya mtumba nimeisikia, bei inavumilika, haijulikani ilifanya kazi gani huko ilikotoka. Nikienda mwisho wa mwezi nitabeba pawa saplai yangu kwenye begi, na sitatoa pesa mpaka ikubali kuwashwa dukani ikiwa na mzigo kamili, nusu saa, nikiwa nimesimama hapo hapo.